Viwili, Vinne, Viwili

Kambi ya Nyarugusu,
Makere, Kasulu.
14 Juni 2025

Kwako yaya Eugénie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa sababu tulifundishwa kusalimu. Natumaini u mzima, wewe na shemeji Christian na watoto. Sisi huku tunapumua. Mama goti la kushoto linamsumbua, na mvua zimekatika, kwa hiyo vumbi limerudi. Afya yangu hujawahi kuiuliza tangu uondoke, basi naiacha.

Ile sauti uliyomrekodia jirani yetu mama Wilondja imesikilizwa na akina mama wote wa kanisa. Umesema mama alibaki kambini kwa ushamba wake, na kwamba mimi ndiye niliyepaswa kumsukuma apande ndege. Tena ukauliza kwa nini viti vya darasani vilikuwa vitatu-vitatu, na vya ndegeni vilikuwa viwili kando ya dirisha. Nitakujibu, lakini kwa wakati wangu.

Kwanza nikukumbushe mama yako ni nani. Miaka sita hapa kambini alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba, kwa heshima ya ukwe, asikutane na Christian kwenye uchochoro. Mkwe akiwa mlangoni, yeye husubiri uani hata jua likimchoma. Wewe uliolewa ukiyajua hayo. Leo unaishi kwenye baridi na unayaita ushamba.

Unakumbuka pia kazi yangu. Nilikuwa msaidizi wa mwalimu Majaliwa, yule mtu wa Tabora, kwenye darasa la wakimbizi wanaosafiri kuhamia ughaibuni. Kila kundi lilipangiwa viti kama vya ndege yao, na kamba mbili sakafuni ndizo njia. Michoro niliikariri yote. Boeing 777 ya shirika moja ina viti kumi kwa mstari, ya shirika jingine tisa. Dreamliner ni vitatu mara tatu. Airbus 330 ni viwili, vinne, viwili. Sijawahi kupanda hata moja, ila ningeweza kukupeleka chooni gizani katika yoyote.

Siku yenu mama aliwekwa dirishani, wewe katikati, Christian kwenye njia. Majaliwa akamwomba mama ajaribu kwenda chooni. Aliinuka, akayatazama magoti ya mkwe wake, akakaa. Kisha akasema mbele ya watu wote: “Mie siwezi pita juu ya magoti ya mukwe wangu. Mwendeke nyie. Mie nabaki.” Darasa likacheka, na wewe ukacheka. Hilo sijakusamehe.

Nyumbani Christian alisema huo ni uamuzi wa mama mwenyewe, na wewe ukakubali kama mtu aliyeondolewa mzigo kichwani. Hata wiki haikuisha mkaenda kutoa jina lake kwenye faili lenu la safari. Ulimwambia angewafuata. Sasa safari zimesitishwa, hakuna anayeitwa tena, na wajukuu wake anawaona kwenye simu ya jirani.

Sasa swali lako. Ndege yenu ilikuwa ya viwili, vinne, viwili. Karatasi ya mchoro wake niliiona asubuhi ile, nikaifukia chini ya nyingine, nikapanga vitatu-vitatu. Majaliwa alikuwa na makundi mawili, hakuhesabu. Mama angekaa nawe pale kwenye viwili, na Christian ng'ambo ya njia. Angetoka na kurudi bila kumgusa mtu ila wewe. Tulipofika nyumbani aliniuliza kama hakuna ndege ya namna nyingine. Nikamwambia zote ziko hivyo.

Faili langu lilikuwa limekataliwa, yaya. Mlikuwa mnaondoka wote, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nitabaki na nani. Nilijua mama atakataa, na nilijua wewe hutambembeleza. Yote mawili yakawa.

Juzi darasa limefungwa. Majaliwa kahamishwa, akaniachia zile karatasi za michoro niwashie moto. Mama hajui kusoma, lakini kuhesabu anajua. Alikuwa amekaa kando ya mbabula, lile jiko letu la makaa, akizitia karatasi motoni, akaishia kwenye moja, akapitisha kidole juu ya viti vilivyochorwa. Akauliza hii ilikuwa ya nani. Ningeweza kudanganya tena. Nikamwambia ni yenu.

Aliepua maharage yaliyokuwa yameanza kuungua. Kisha akasema, “Kumbe njia ilikuwako.” Karatasi ameikunja, ameiweka ndani ya Biblia yake. Chakula ananipakulia kama kawaida, lakini jina langu halitaji.

Usifurahi. Mimi niliuficha ukweli kwa karatasi moja, lakini wewe ulikuwa na wiki nzima ya kumwambia mama kwamba bila yeye huendi.

Wasalimu watoto na shemeji. Mama Wilondja anakusalimu, na kwaya yote. Za mama hazimo humu. Nilipomwomba, alisema salamu zake kwako atazipitisha kwa mtu mwingine.

Ni mimi mdogo wako,
Sophie