Barazani Hulali Tena

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na nyuma ya salamu kuna maswali: unakula? Kifua kimepona? Sisi huku wazima. Shemeji yako yuko njiani na lori lake, na mwanangu Bosi ameota jino la pili, anang'ata kila kinachokatiza mbele yake, na mimi nimo.

Najua umenuna. Siku nilipokupeleka kwenye hicho kituo cha matibabu uliingia bustanini bila kunitazama, ukaniacha na mfuko wa nguo zako mkononi kama kuli. Nuna tu, ruksa. Lakini nisome mpaka mwisho.

Tangu ule ukuta wa duka uwaangukie wewe na msaidizi wako Kamba mkiwa kazini, hujaingia ndani ya nyumba yoyote. Kamba tulimzika, Mungu amrehemu. Wewe ulitolewa mzima, watu wakasema shukuru. Ukahamia barazani kwangu. Mvua ikinyesha unajifunika turubai. Nikikuletea chakula unakula umesimama, jicho kwenye paa. Ulipopata homa ya mapafu muuguzi alikuchoma sindano nje, juani, kwa sababu ulikataa kuvuka kizingiti cha zahanati. Ni yeye aliyenitajia hicho kituo. "Wanatibu kwa bustani na udongo," alisema, "na hawamlazimishi mtu kuingia chumbani." Nikamuuliza, dawa gani hiyo ya matope? Halafu nikakumbuka dawa nyingine zote tumeshazijaribu.

Usiseme nimekutupa. Anayetupwa hapigiwi nguo pasi.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua hakinibani tena. Msalimie Bosi na meno yake.

Nalala kwenye hema karibu na vitalu vya mboga. Hema silihesabu kuwa nyumba, likianguka ni kitambaa. Asubuhi tunamwagilia. Mtunza bustani hasemi, anakuonyesha kwa kidole, na hilo ndilo jambo pekee zuri la hapa. Mchana tunachimba udongo ukingoni mwa kijito, tunauloweka, tunachambua vijiwe, tunaukanda, tunafinyanga vyungu. Dada, mimi ni fundi mwashi. Nimenyanyua ghorofa kwa mikono hii. Leo nakaa chini na watu wazima wenzangu tunachezea tope!

Mwalimu wa ufinyanzi ni mama mmoja mwenye kicheko kikubwa na adabu ndogo. Jana alinikuta napima chungu changu kwa timazi, ile ya kunyooshea kuta. "Fundi," akasema, "unajenga chungu au kituo cha polisi?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Nataka kurudi. Sitakusumbua. Nipe tu godoro langu la barazani.

Mdogo wako


28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi kifua kimepata nafuu. Barua yako niliisomea kazini, nimesimama katikati ya mashuka ya wageni ninayofua, mpaka msimamizi akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna mtoto analilia kurudi nyumbani, ila huyu ana ndevu.

Sasa nisikilize. Barazani hulali tena. Godoro nimeliingiza ndani, chumba cha kwanza ukiingia, na nimelitandika. Ndani karibu, hata usiku wa manane piga hodi. Barazani, hapana. Siku ile ya homa ulikuwa unatetemeka, midomo imekupauka, na bado umeshikilia nguzo kwa mikono miwili nisikuingize. Niliapa palepale: hili baraza halitanizikia ndugu.

Unaweza kunichukia. Nimezoea, Bosi hunichukia kila nikimwosha uso.

Na kama hicho chungu kinakukera, kifinyange kibaya. Hakuna atakayehamia humo.

Dada yako anayekupenda, na asiyerudi nyuma


16 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mzima wewe na nyumba yako? Barua yako niliichana, nikaiokota. Hayo yamepita.

Nina kituko. Vyungu vya wenzangu vilikuwa vikikauka vinapata nyufa. Nikawacheka kimoyomoyo, hawa hawajui kazi. Kulikuwa na saruji iliyobaki walipojenga tangi la maji. Nikachota kwa siri, nikachanganya na udongo wangu. Chungu kikatoka kigumu, ufa hata wa dawa hakuna, ukikigonga kinalia. Mwalimu akakisifu mbele ya watu. Nikavimba.

Siku ya kuchoma tukavipanga vyote shimoni, kuni na nyasi kavu juu, moto ukawashwa. Haukupita muda, paa! Changu kikapasuka, vipande vikavunja vya jirani, navyo vikalia paa, paa. Dada, mlio ule ni uleule wa ukuta kabla haujaja. Nilikimbia. Nilijikuta ng'ambo ya kijito, kifudifudi, mikono kichwani, namwita Kamba.

Mwalimu akanifuata, nguo zimemlowa mpaka magotini, akakaa majanini mbali kidogo. Hakunigusa. Baadaye sana akauliza, "Kamba ni nani?"

Nilikuwa sijamtaja kwa mtu yeyote, hata kwako. Nikamweleza alivyokuwa akinishikia uzi wa kupimia huku akiimba vibaya. Nikamweleza alivyosema siku ile, "Fundi, huu ukuta unapumua," na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nageuka. Nilisema mpaka maneno yakaniishia. Halafu mama yule akanitazama: "Haya. Na saruji ulitia au hukutia?"

Nilicheka, Dada. Nililia na kucheka kwa pamoja, kamasi kila mahali.

Nimewaomba radhi wenzangu. Adhabu yangu ni kutwanga vigae vya vyungu vyao vilivyovunjika, maana kumbe chenga za vigae ndizo hutiwa kwenye udongo mbichi ili chungu kivumilie moto. Kinu ninacho mimi. Wananiita Bwana Vigae.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, Bwana Vigae. Hujambo? Sisi wazima, ila nimechoka mpaka nywele. Bosi anasimama kwa kushika ukuta na anataka niwe nyuma yake saa zote, kama mlinzi wa rais.

Barua yako ilinichekesha nikamwamsha mtoto, kisha ikaniliza. Nami nikuambie langu. Siku ile ya ukuta nilikuja mbio, nina mimba ya Bosi, watu wakanishika nisiingie kwenye vifusi. Tangu hapo mlango ukibamizwa kazini huacha mashuka nikatoka nje kutazama upande wa nyumbani, kana kwamba nitaona vumbi. Sijawahi kumwambia mtu. Juzi Bosi alipolala nikachota udongo wa uani, nikautia maji, nikaukanda. Sikufinyanga kitu. Niliukanda tu, mpaka mabega yakashuka. Usinicheke.

Jambo lingine. Jirani anayenilelea Bosi nikiwa kazini anahama mwisho wa Juni. Sikuambii ili uje. Nakuambia kwa sababu shemeji yako yuko barabarani na sina mwingine wa kumwambia. Ukija hujawa tayari nitakuwa na watoto wawili, na wa pili habebeki. Ukiwa tayari, godoro liko palepale.

Dada yako


21 Juni

Dada,

Shikamoo. Kimya changu hakikuwa ugonjwa. Kuna jambo nilitaka kwanza nilione linasimama.

Tulikuwa tumeanika vyungu uani, vibichi. Wenzangu wako vitaluni, niko peke yangu. Mvua ikaja bila hodi. Chungu kibichi kikinyeshewa hurudi kuwa tope, kazi yote ya watu. Nikabeba viwili nikavikimbiza bandani, nikarudi, nikabeba vingine. Banda la mabati, Dada, lenye boriti zake. Naingia, natoka. Nilipoweka cha mwisho kwenye rafu ndipo nikasikia mvua iko juu yangu, kwenye bati. Nikatoka, nikatapika.

Usidhani nilipona siku hiyo. Lakini kesho yake nilisimama mlangoni mwa banda. Siku nyingine nikakaa ndani kwenye kigoda. Mwalimu akaleta udongo wake, akakaa karibu, akawa anafinyanga na kuwasengenya watu wa kituo mmoja mmoja. Katikati ya umbea nikainua macho nikaona boriti moja imeliwa na mchwa. Nikamwambia, "Mama, hii haifai." Akasema, "Fundi si ni wewe?" Tumeibadilisha. Niliipigilia misumari mwenyewe, na sasa nalala chini yake, mlango wazi. Siku nyingine nusu usiku tu.

Nakuja Jumamosi. Usialike mtu. Na nikivuka kizingiti usinitazame. Jifanye unamwogesha Bosi.

Mjomba wa Bosi


Jumatatu, hapa mezani

Mdogo wangu,

Umeamkaje? Nakuuliza kwa karatasi kwa sababu unakoroma. Nimeenda kazini. Bosi amelala ubavuni kwako, kakushika kidole. Nilijaribu kumhamisha akakunja uso, nikawaacha.

Maziwa yake yamo kwenye chupa ya buluu. Akilia mpeleke uani akaone kuku wa jirani. Asile udongo, hata kama mjomba wake ni mfinyanzi. Dirisha nimeliacha wazi. Ukibanwa, toka naye, kaeni nje mpaka upoe.

Jumamosi sikukutazama. Nilimwogesha huyu mtoto mpaka vidole vikakunjamana. Lakini jana usiku nilikusikia ukitoka. Nikajishikilia kitandani nisikufuate. Nikakaa hivyo, muda mrefu. Kisha mlango ukalia, nawe gizani ukajigonga kwenye meza hii, ukaitukana matusi ya ujenzini.

Sijapata kusikia tusi tamu kama lile. Nikalala.

Nitarudi saa kumi.

Dada yako