Ndiyo ya Neema

Mdogo wangu Rehema,

Kifua chako kikoje na vumbi la Morogoro? Nauliza kwa sababu leo nimekukumbuka kwa hofu. Huku Stockholm giza linaingia mchana, na badala ya kukaa bure kwa binti yangu, najitolea kufundisha hesabu, kwenye ukumbi wa mtaa wa Hallunda, watoto ambao nyumbani wamebanana, hata meza ya kusomea hawana.

Neema, msichana wa Kikongo, hajawahi kunijibu neno. Leo nimemweleza hesabu za sehemu kwa kumkatia chungwa vipande, nikamuuliza, "Umeelewa?" Ghafla akavuta pumzi kwa nguvu, kama wewe ukibanwa na pumu. Nikauliza tena, akavuta tena! Nikamfungulia koti, nikampepea kwa daftari, nikamwita mama yake aliyekuwa jikoni mle ukumbini akichemsha chai ya watoto: njoo, mtoto anakata roho!

Mama mtu akaja mbio, akamtazama, akacheka. "Haiko mugonjwa, Mama. Kule kaskazini ya inchi hii, kwenye alizaliwa, njo vile banaitikaka."

Kumbe kule kuvuta pumzi kulikuwa ndiyo. Ameelewa! Miaka yote niliyofundisha, hakuna jibu lililonitisha hivyo, wala lililonipa raha hivyo.

Usitoke bila pampu yako, mpenzi. Na ukinijibu, niandikie ndiyo kwa wino. Ndiyo ya pumzi, ikitoka kwako, sitaiweza.

Dada yako,
Mwajuma