Telefone ya mahari yenye kujikunja

Siku ya ine, magaribi

Nilikatala, na nilifanya muzuri. Muchumba wa mutoto yangu Furaha alileta mahari, na ku zawadi ya baba akaweka telefone yenye kujikunja kama kitabu. Nikamuambia mbele ya familia: "Kitu yenye kuvunjika katikati, weye unaileta ku ndoa? Yangu ya mabutoni ilianguka ku pikipiki pale Komanda, mpaka leo inaita." Wazee wakacheka. Kwa kusema, hakuna mutu ananishinda hapa Saio.

Furaha hakucheka, akaenda kulia ndani. Hata chakula hakunipatia.

Ile telefone waliiacha ku meza. Niliifungua tu kwa kuipima. Maandiko iko makubwa, nikasoma bila malunette ya macho. Ukiifunga inalia kama mulango ya gari ya gavana. Nimeifunga mara... sijui ngapi.

Kesho nitakubali. Nitasema ni juu ya machozi ya Furaha.