Wiki Niliyokuombea, Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba yale macho yaliyokuwa yakiwasha kwa sababu ya kuchomelea vyuma yameshapoa. Mama anasema uvae miwani hata kama wenzako wanakucheka. Sisi huku hatujambo. Bibi magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna tatizo lolote, kama utakavyoona. Shule tumefunga, nami nimekuwa wa tatu. Hesabu ndizo zilizoniangusha.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu maneno hunikwama, nawe kabla sijayakwamua unaniambia haya, nimpe mama. Kwa hiyo nimeandika, na dereva wa lori la kampuni yenu amekubali kuileta hadi kambini, mkononi mwako.

Habari kubwa ni kwamba viza ya dada imetoka. Alikwenda mwenyewe kuchukua pasipoti, akarudi ameikumbatia ndani ya bahasha, akaiweka mezani tukaizunguka kama mtoto mchanga. Bibi aliitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akauliza mbona mjukuu wake wamempiga picha kama mwizi wa kuku. Kule saluni anakosuka, wateja wanamtania kwamba akirudi atakuwa anaongea kwa pua na atawatoza bei ya ng'ambo. Huko anacheka nao. Nyumbani hacheki sana.

Nikueleze jinsi tarehe zilivyo, maana hapo ndipo penye jambo. Viza ina siku inayoanza kufanya kazi. Ukifika kabla ya hapo wanakurudisha. Chuo chake cha huko nacho kina siku ya mwisho ya kuripoti. Ikipita, nafasi inafutwa na viza inabaki kuwa kibandiko tu. Dada alisema anaondoka Jumatano ile ile viza inapoanza. Mama akamkumbusha kwamba likizo yako inaanza Jumamosi ya wiki hiyo hiyo. Dada akasema anajua. Akaendelea kukunja nguo, na mama akaenda kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Baba, siku ile mlipogombana sikusikiliza makusudi, lakini chumba chetu na sebule vinatenganishwa na pazia. Nilikusikia ukimwambia kwamba chuo cha uuguzi cha hapa karibu kinatosha, na kwamba akienda huko mbali asikutafute. Nilimsikia naye akikujibu kwamba haina shida, kwani hata ukiwa hapa hapa nyumbani hupatikani. Tangu hapo ukipiga simu unaongea na mama, na bibi, na mimi. Yeye hutoka nje kuanua nguo, hata siku ambazo kambani hakuna nguo.

Unajua kwamba barua zote za chuo nimeziandika mimi. Dada ana kichwa cha sayansi, lakini mbele ya barua rasmi anakuwa kama mimi mbele ya simu. Ndiyo maana mnaniita Karani. Yeye husema anachotaka, mimi natafuta maneno, anasoma, tunatuma kutoka kwenye simu yake. Siku akiwa amechoka na kusuka, huniambia nitume tu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Mwanzoni mwa mwezi aliniambia niwaandikie chuo kuthibitisha kwamba atafika siku ya kwanza. Sikuandika hivyo. Niliandika, kwa jina lake, kuomba achelewe wiki moja. Nilisema kwamba baba yangu yuko kazini mbali, hatukuachana vizuri, na sitaki kuondoka kabla sijamuaga. Maneno hayo si yake, Baba. Ni yangu. Sikumuuliza yeye wala wewe.

Chuo kilikubali, kikatuma barua ya ruhusa atakayowaonyesha maofisa wa uhamiaji akifika. Lakini asipitishe Ijumaa ya wiki hiyo aliyoongezewa. Na chumba alichokuwa amekichagua bwenini, kile cha dirisha kubwa, wamempa mwingine. Nilimwonyesha dada jibu hilo. Alilisoma, akarudi juu kusoma nilichoandika mimi. Akaniambia kiherehere changu kitaniua siku moja, na kwamba nimeyachezea maisha yake kama daftari langu la insha. Ni kweli, wangeweza kumkatalia, au kumwona si mtu wa kutegemewa. Nilimwomba radhi. Alininunia siku mbili nzima, na tunalala kitanda kimoja.

Siku ya tatu alikwenda ofisi ya ndege. Nilidhani anakwenda kuhakikisha hawamsogezei safari. Aliporudi aliichomeka tiketi pembeni ya kioo, akaingia kuoga. Nami sikumuuliza, ila niliisoma. Imebadilishwa. Sasa anaondoka Jumatano inayofuata, Baba, siku nne baada ya likizo yako kuanza. Baada ya hapo hakuna wiki nyingine ya kuomba.

Mama anasema unafikiria kuunganisha zamu ili likizo isogee mbele. Sijawahi kukupangia jambo, na hata kuandika hivi kunanipa joto la masikio, lakini usiunganishe. Panda basi la Jumamosi asubuhi. Si lazima uje na hotuba. Ukikaa tu sebuleni yeye akipanga begi, inatosha. Kazi ya kuanzisha mazungumzo bibi atawafanyia, hata msipotaka. Na kama umenikasirikia kwa nilichofanya, njoo unikasirikie hapa, uso kwa uso. Nitasimama nikusikilize mpaka umalize.

Mama anakusalimu sana. Bibi naye anakusalimu, anasema kiti chako anakikalia yeye na hatakitoa bure. Dada hajatuma salamu. Nilipomuuliza kama niandike neno lolote kutoka kwake, alijibu bila kuinua kichwa kwamba safari hii asiandikiwe na mtu. Ana mdomo wake, atakuambia mwenyewe Jumamosi.

Ni mimi mwanao wa mwisho, ninayekusubiri,

Karani