Siku Niliyoshuka Kibati Peke Yangu

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Vidole vimekakamaa kwa kushika usukani, kalamu inaruka mistari. Utanivumilia, mwandiko wangu hukuwahi kuusifu hata hivyo.

Tangu tukuzike, nyumba ina ukimya unaochosha. Mama anapika chakula cha watu wengi, halafu anakumbuka. Chukudu yako ya mizigo uliyoichonga mwenyewe, usukani na magurudumu mawili ya mbao, ilibaki imeegemea ukuta, inanyeshewa. Wiki iliyopita mjomba aliigonga kwa kidole, akasema, "Kama hakuna mutu wa kuiendesha, tuipasue kuni." Mama akaniangalia mimi. Nikaomba wanipe mpaka Jumamosi.

Leo ndiyo Jumamosi.

Nimeisukuma toka alfajiri hadi kule juu Kibati, nikapakia magunia matatu ya viazi. Kupanda nakujua, Papa. Miaka kumi nimekusukumia kwa nyuma, tukiwapelekea watu wa juu chumvi na sabuni. Kushuka ndiko hukunipa hata siku moja. Tukishapakia unaniambia, "Sasa wewe shuka na miguu. Huku ni kwa mutu moja." Nikadhani unanihurumia. Nilikuwa nashuka nakula vumbi, nakukuta Munigi, mteremko unapoishia, umekaa, unafuta macho.

Leo kabla ya kushuka nilipaka mafuta ya mawese kwenye magurudumu, mengi, kama ulivyonifundisha wakati wa kupanda. Hilo ndilo kosa langu. Kona ya kwanza nikakanyaga breki, kile kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, kikateleza kwenye mafuta. Nikapiga kelele watu watoke njiani. Mbuzi, akina mama wenye vikapu, watu wa pikipiki, wote wakaruka pembeni. Niliogopa, Papa, niliogopa kweli. Halafu katikati ya mteremko woga ukaisha, nikaanza kucheka. Upepo unaingia mpaka kwenye meno, mji wote uko mbele yangu na ziwa nyuma yake, na mimi sina uchovu, sina msiba. Nilicheka kwa sauti, na siku zako arobaini hazijatimia. Nisamehe.

Munigi njia ikalala, chukudu ikasimama yenyewe. Yule muzee mwenzako wa chukudu, ambaye mlikuwa mkipumzika naye, akaona mafuta, akatikisa kichwa. "Sisi wote tunapangusaka mafuta kule juu, mbele ya kushuka. Papa yako tu ndiye alikataaka. Alipendaka mbio, yule."

Muongo mkubwa wewe! Miaka yote hiyo unarudi nyumbani uso umechangamka, Mama anakuuliza, "Unachekaka nini?" nawe unajibu, "Hakuna kitu, nimechoka tu."

Ni kweli nimechoka. Mgongo umekufa ganzi, na Jumatatu naanza tena. Lakini mjomba atafute kuni kwingine. Chukudu yako haipasuliwi nikiwa hai, na mafuta nitayapangusa, maana nina watoto. Labda si kila siku.

Sasa hivi Mama ametoka kuchukua beseni. Ameniangalia usoni, ameniuliza ninacheka nini. Nimemjibu vilevile ulivyokuwa ukimjibu wewe. Amekaa karibu yangu, ameushika mkono wangu. Nadhani alijua siku zote.

Lala salama, Papa.

Mwanao,
Amani