Chipu Nyeupe ya Papa

Jumapili, 9 Februari 2025

Sijamwambia mtu. Nimeficha chipu moja ya kompyuta, ya Papa, ndani ya soksi.

Papa, baba yangu, hununua kompyuta chakavu na kutoa dhahabu iliyomo kwa asidi. Hii chipu ni nyeupe, ina kifuniko cha dhahabu. Nimetafuta namba yake kwenye simu — ni ya zile za mwanzo kabisa! Imemzidi Papa umri. Kuna watu wanazikusanya, na hulipa zaidi ya thamani ya dhahabu yake. Tukiiuza, pengine ataacha asidi. Kikohozi chake kinanitisha. Lakini kumwambia... ulimi unakuwa mzito.

Jumanne, 11 Februari

Nimesema! Mezani, macho kwenye sahani. Kwamba kampuni ya Kijapani ilitaka chipu za mashine ya hesabu tu. Wahandisi wa Marekani wakaona: badala ya chipu tofauti kwa kila kazi, tutengeneze moja inayofuata maagizo. Ukibadilisha maagizo, kazi inabadilika. Michoro ilikatwa kwa kisu, kwa mkono, kwenye plastiki nyekundu, mikubwa kama meza. Kisha ikapunguzwa kwa kamera hadi ikawa midogo kuliko ukucha.

Mama ni mshonaji. Akacheka: kumbe na wao hukata patroni! Nikamwambia mbunifu wa chipu aliacha herufi za jina lake pembeni. Hata mimi ningeacha, akasema.

Nikaitoa kwenye soksi, Papa akaishika. Eh, Shekinah, bubu wangu, leo umeongea kama mchungaji mwenye maikrofoni! akasema.

Amekubali tuiuze. Mnunuzi niliyempata kwenye simu, wa mji wa Midrand, atakuja Ijumaa.

Alhamisi, 13 Februari

Imeharibika. Papa alitaka ing'ae mbele ya mgeni — akaichovya kwenye asidi. Kidogo tu, alisema. Miguu yake ya chuma imeyeyuka. Dhahabu inaelea kama maganda ya kitunguu. Aliinama juu ya beseni akijaribu kuiokoa, moshi wa kahawia usoni. Dirisha limefungwa, maana jirani yetu Nomsa hulalamikia harufu.

Nisamehe, mtoto, akasema.

Ijumaa, 14 Februari

Hospitali. Papa hapati pumzi, midomo imebadilika rangi. Kwenye gari alituonya: mkitaja asidi, polisi watakuja, na karatasi zetu za ukaazi je?

Daktari anauliza amevuta nini. Moshi wa mbaula, lile jiko letu la makaa, anasema Mama. Daktari anauliza tena. Mama ananikanyaga mguu.

Mama alipokwenda kutafuta maji, nilimfuata daktari kwenye korido. Nimemwambia yote. Asidi gani, moshi rangi gani, dirisha. Sikukwama hata neno moja! Akakimbilia kwa Papa.

Sasa wamevuta pazia. Namsikia Papa akikoroma, na mashine. Mlinzi mlangoni anaongea kwenye redio — sijui kama ni juu yetu.

Mama amerudi. Nani amewaambia? anauliza. Nani? Ninaandika ili nisimtazame.

Wewe, daftari langu, unajua. Tafadhali, usimwambie Mama. Anainamia daftari. Hata Papa akiamka, usi—