Nataka Sauti Yangu, Sitaki ya Magesa

Buhare, Musoma

Mwalimu wangu Wambura,

Leo nimemaliza kuuza mapema. Sato wameisha jua halijawa kali, dagaa waliobaki nimemwachia jirani yangu wa meza aniangalizie, nimekuja kukaa hapa kanisani, benchi la mbele, pale ulipokuwaga unakaa siku za mazoezi baada ya kurudi kutoka Mwanza. Kanisa liko tupu. Nimeona hapa ndipo pa kukuandikia. Nyumbani ningelia tu, nisiandike chochote.

Nina habari nyingi, Mwalimu, na karibu zote ni za kujivunia.

Wiki iliyopita tulikwenda Bunda, kijijini kwenu, kuona kaburi lako. Pamba ya kaka yako imepasuka, nyeupe mpaka karibu na pale ulipolala. Mama Nyangi, mke wako, ndiye aliyetutangulia. Nilidhani atalia, nikajiandaa kumshika. Hakulia. Alisimama akaangalia saruji waliyopiga juu ya kaburi, akaipapasa kwa kiganja, akasema, "Wambura angekuwa hai angeibomoa hii, aanze upya." Tulicheka wote pale makaburini, hata shemeji zako. Na ni kweli, plasta imepinda. Aliyeipiga hakutumia pima maji.

Maana wewe ulikuwa fundi mwashi kwa kazi, na mwalimu wa kwaya kwa kila kitu kingine. Nakumbuka siku tuliyopita barabara ya Mukendo tukitoka kununua vitambaa vya sare, ukawa unanionyesha kuta. "Ile ghorofa, ukuta wa upande huu ni wangu. Lile duka la pembeni, msingi ni wangu." Wewe mwenyewe ulikuwa unakaa kwenye vyumba viwili na sebule isiyo na dari. Nikakuuliza kama haikuumi, kujengea watu nyumba za vigae kisha unarudi kulala kwako. Ulishangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Iniume nini, Bhoke? Wao wanalala humo. Mimi nimeijenga. Kila mmoja ana chake, na Mungu ametuona wote." Halafu ukaendelea kutembea, kifua mbele, ukitafuta ukuta mwingine wa kunionyesha.

Mimi wakati ule sikuwa na chochote cha kumwonyesha mtu. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kutoka Tarime na begi moja, na kwaya niliingia ili tu nitoke nyumbani Jumamosi. Mchana kutwa nilikuwa napara samaki, mikono iko Musoma, kichwa kiko Tarime kinagombana na mawifi zangu. Niliwajibu yote niliyoshindwa kuwajibu. Niliwashinda kila siku, na kila siku nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyepigwa.

Wewe uliligundua hilo kwenye sauti yangu. Ulisimamisha wimbo katikati, ukasema sauti ya pili inaimba kwa meno. Wenzangu wakacheka. Baada ya mazoezi ukaniita pembeni. Hukuniuliza yaliyonipata. Uliniuliza, "Huko kichwani mwako, kutwa nzima, unafanya mazoezi ya wimbo gani?" Sikuelewa. Ukanieleza taratibu, kama unavyoeleza noti. Ulisema mtu akirudia wimbo wenye makosa, kesho ataimba makosa, hata akipanda madhabahuni amevaa sare nzuri. Na mawazo ni hivyo hivyo. Ugomvi unaourudia kila siku sokoni, ndio utakaouimba mbele za watu na mbele za Mungu. "Simamisha," uliniambia. "Hata kama uko katikati ya ubeti. Simamisha, uanze mwingine."

Sikuweza siku ile. Wala mwezi ule. Lakini nilianza. Kila nilipomsikia wifi mkubwa ananiingia kichwani, nilikuwa nasema kwa sauti pale mezani, "Simama hapo," mpaka wateja wakadhani nasema na paka. Polepole nikaanza kusikia mambo mengine yaliyokuwepo siku zote: maji yanavyopiga mawe kule chini, mama wa nyanya anavyocheka. Nilikuja kuona kwamba nilikuwa na maisha, ila sikuwaga nyumbani nikayapokea.

Halafu ikaja zamu yako.

Tulidhani ni vumbi la saruji. Ulikohoa, sauti ikakwaruza, ukaimba hivyo hivyo. Hospitali hapa mjini wakakuandikia rufaa ya Mwanza, na Mwanza wakaona uvimbe. Wakasema ili uishi ni lazima waondoe kisanduku cha sauti chote. Ulirudi na tundu shingoni, limefunikwa kwa leso nyeupe, na hata kunong'ona kulikuwa kwa shida. Wewe, ambaye watu wa barabarani walikuwa wanasimama kukusikiliza ukiimba ubeti wa tatu wa ule wimbo wetu wa shukrani, ule ubeti unaoimbwa na mtu mmoja!

Jumamosi ya kwanza hatukukutegemea. Mchungaji alikuwa ameshatuambia tukuombee na tutafute mwalimu mwingine. Tukiwa tunabishana nani aanzishe, mlango ukafunguka ukaingia, umevaa koti lako la kaki, ukaja ukakaa hapa nilipokaa sasa. Ukanyoosha kidole kwangu. Ukaonyesha mdomo wako, kisha ukaonyesha wangu. Nilisimama, Mwalimu. Kuanzia siku ile ulikuwa unapiga mkono hewani nami natoa sauti. Ukikunja uso, nasimamisha. Ukifungua kiganja, nawaachia wenzangu waimbe. Nilijifunza kusoma midomo yako mpaka wenzangu wakawa wananitania kwamba nasikia hata unavyowaza.

Jambo moja ambalo sijamwambia mtu, nataka kulisema hapa kwa sababu linanifanya nikuheshimu kuliko yote. Ni siku ulipompa Magesa ule ubeti wa tatu. Magesa wetu, fundi simu wa pale stendi, mwenye haya za ajabu na sauti ya tatu iliyonyooka. Aliimba mara ya kwanza na kanisa likatulia. Nikageuka kukuangalia nifurahi nawe. Ulikuwa umeinama, mabega yanatikisika. Ukatoka nje. Nilikukuta kwenye chumba cha shule ya Jumapili, umeshika chaki, unaangalia ubao ambao watoto walichora samaki na nyota. Uliandika pembeni ya samaki: "Nimeona wivu." Ukafuta kwa kiganja. Kisha ukaandika tena, kwa herufi kubwa, mkono umetulia:

"Nataka sauti yangu. Sitaki ya Magesa."

Hukuifuta hiyo. Ulirudi kanisani ukamwonyesha Magesa arudie, ukamwekea mkono tumboni ili ajue pumzi inatoka wapi, na ulipomaliza naye siku ile alikuwa anaimba vizuri kuliko alivyoanza. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu kuridhika, Mwalimu, na mengi yananiambia nisitake kitu. Wewe ulitaka. Ulitaka mpaka ukalia. Lakini hukunyoosha mkono kuchukua cha mwenzako, na kile ulichokuwa nacho bado, masikio na mikono, ulikitoa chote.

Sasa nikuambie yaliyotokea baada ya mazishi yako.

Watu wa kwaya moja kubwa ya Iringo, hapa hapa mjini, walinijia sokoni. Watu wazuri, wanaheshimu kazi yako. Walisema wamesikia kwaya ya Buhare itakufa, wakanitaka nikawafundishe wao. Wana kinanda, wana spika, wana chumba cha mazoezi chenye feni. Nilisema nitafikiri, na Mwalimu, nilifikiri kweli. Nilikitamani kile kinanda. Nilianza kujiona nimesimama mbele ya watu wengi, na wifi mkubwa amekaa katikati yao ananitazama kwa mshangao. Hapo nikajishtukia mwenyewe. Nikajua ule haukuwa wito, ulikuwa ni ugomvi wa Tarime umevaa joho. Niliacha kupara samaki, nikanawa, nikaomba pale pale nyuma ya meza. Niliomba kwa maneno machache sana. Nilipofungua macho nilikuwa nimeshaamua.

Niliwaambia sitahama. Ila niliwaahidi kwenda kuwasaidia sauti za katikati kila watakapohitaji, na nimeshakwenda. Mmoja wao sasa ananifundisha kidogo kidogo kubonyeza kinanda. Nisikudanganye, bado nakitaka cha kwetu, na kanisa linaanza kuchangishana. Nadhani ungesema hapo hakuna ubaya.

Kisha tukaenda Butiama, kwenye ule mkutano wa makwaya uliokuwa unausubiri. Mchungaji alisema tunaweza kuomba udhuru kwa sababu ya msiba. Magesa, mwenye haya, ndiye aliyesimama akasema, "Mwalimu hakutufundisha udhuru." Basi tukaenda.

Kwaya nyingi zilikuwa na vyombo. Sisi tulipanda na sare zetu za bluu na mikono mitupu. Nilikuwa mbele, mahali pako. Ubeti wa kwanza ulitoka safi, wa pili ukawa mzuri zaidi. Nikamfungulia Magesa kiganja kwa ubeti wa tatu. Akafungua mdomo, haikutoka sauti. Alikuwa ananiangalia mimi, lakini nadhani alikuwa anakuona wewe. Machozi yakaanza kumtoka. Wengine wakaendelea kuvuma chini chini, midomo wameifumba, kama ulivyowazoesha, wanamsubiri. Mikono yangu ikabaki hewani.

Ndipo sauti ikatoka kule kwenye hema la akina mama. Ilikuwa juu, kavu, imepinda kama ile plasta ya kaburi lako. Alikuwa Mama Nyangi. Amesimama, kanga imemteleza begani, anauimba ubeti wako. Mwalimu, unajua alivyokuwa akijisema mwenyewe, kwamba sauti yake ni ya kufukuzia kuku, na wewe ukawa unacheka bila kumbishia. Aliuanza kwa ufunguo ulio mbali kabisa na wetu. Watu wakageuka. Wengine walianza kutabasamu ile tabasamu ya kumwonea mtu huruma.

Sikuwapa ishara, naapa. Mzee Chacha wa besi ndiye aliyeanza. Alisikiliza, akapanda taratibu mpaka akamfikia. Sauti ya pili ikamfuata, kisha wengine wote, mpaka kwaya nzima ikawa imehamia kwa Mama Nyangi, imemzunguka, imembeba. Mwishoni Magesa naye akapata pumzi akaingia chini yake, na ubeti wakaumaliza wawili. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Vigelegele vilipoanza, vilianzia kwenye hema lake.

Tulipokuwa tunakunywa chai, mwalimu wa kwaya mmoja mgeni akanifuata, akaniuliza nani aliyetunga ule mtindo wa kuhama ufunguo katikati ya wimbo, na kumweka mwimbaji kule kwa watu. Nikamjibu bila kupepesa macho, "Mwalimu Wambura." Na sikusema uongo. Ni wewe uliyetufundisha kusikilizana hivyo. Nilitembea pale uwanjani kama wewe ulivyotembea Mukendo.

Tangu siku ile Mama Nyangi ana mwendo mwingine. Usiku wa msiba aliniambia hajui atafanya nini na Jumamosi zake, kwa sababu kwa miaka yote Jumamosi ilikuwa ni kukupigia pasi koti na kukusubiri. Jumamosi iliyofuata alikuja hapa kwenye mazoezi. Alisimama mlangoni akasema amekuja kutusikiliza tu. Nikampa kitabu cha nyimbo. Akasema, "Bhoke, usinitanie." Nikamwambia sina utani. Akaingia akakaa na sauti ya kwanza, akajitengeneza kanga kama bibi harusi.

Naomba usinishangae, Mwalimu. Najua kazi iliyo mbele yangu. Namfundisha kama ulivyonifundisha mimi, mstari mmoja, pumzi moja. Kuna siku anapatia, na akipatia anageuka kuangalia kama tumesikia. Tunasikia wote.

Pumzika sasa. Umetujenga vizuri, na tumesimama. Nitakuja tena Bunda pamba ikishavunwa, nije na wote, tukuimbie hapo hapo ulipo. Magesa atachukua ubeti wake. Na Mama Nyangi ataimba pia, na nakuahidi mbele za Mungu, maadamu mimi ndiye niliyesimama mbele, hakuna mtu atakayemwambia apunguze sauti.

Mwanafunzi wako,
Bhoke